Nilistaafu Ukuli Nikiwa Kidato cha Tatu

Nilianza kazi ya ukuli Jumatatu, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mjini Shinyanga, msimu wa pamba uliofuata vita ya Kagera, wakati sabuni ilikuwa inatafutwa kama mbuzi aliyepotea. Nilistaafu asubuhi hiyo hiyo, kabla kengele ya shule haijalia mara ya pili. Sijui kama yupo mwingine katika jineri yetu aliyemaliza utumishi wake upesi hivyo akiwa mzima.

Aliyeniomba niandike haya ni Kaka Maduhu, ambaye sasa ndiye anaongoza mstari wa makuli pale jineri, kiwanda kinachotenganisha pamba na mbegu zake. Aliniambia, "Dada Kabula, wastaafu wote hukaa wakawaeleza vijana kazi ilikuwaje. Wewe kusema huwezi. Basi andika, nitawasomea." Ni kweli siwezi. Nikiulizwa swali darasani huwa naijibu kola ya shati langu. Kuandika naweza. Nyinyi vijana mlioingia mstarini mwaka huu, mkisikia Maduhu anasoma jambo linalomsifu sana, ombeni muone karatasi.

Kazi yangu ilikuwa fupi, lakini nilimrithi mtu ambaye yake ilikuwa ndefu, kwa hiyo lazima nianze naye. Huyo ni baba yangu, Masanja, ambaye nyumbani na mtaani tunamwita Baba Shija kwa jina la dada yangu mkubwa.

Kabla ya pamba, Baba alikuwa mtu wa dhahabu. Alikuwa kijana bado, Geita, akisukuma vigari vya mawe chini ya ardhi. Kuhusu dhahabu yenyewe ana jambo moja tu la kusema, kwamba hakuwahi kuiona. Aliona mawe, akasukuma mawe, na mawe yakatoka juu kwenye mwanga kabla yake. Mgodi ulipofungwa, miaka michache baada ya Uhuru, wenzake wengine walirudi kulima na wengine wakabaki kuchokonoa mashimo yaliyoachwa. Baba akadandia lori la mihogo hadi Shinyanga. Anasema hiyo ndiyo mara pekee aliyobadilisha kazi bila ugomvi, kwa sababu kazi ndiyo iliyomwacha yeye.

Siku yake ya kwanza jineri hakubeba kitu. Alipokewa na Mzee Luhende, aliyekuwa akiongoza mstari wakati huo, mtu mfupi mwenye shingo nene kama kinu. Baba akasimama mbele yake amevimbisha kifua, akingoja kuonyeshwa gunia. Mzee Luhende akampa sindano ya magunia na kamba ya katani.

"Kaa chini ushone," akamwambia.

"Mimi nimekuja kubeba, mzee. Mimi nimetoka mgodini."

"Huko mgodini mlikuwa mnashindana na mawe. Hapa mzigo upo tu, haukimbii. Shona ngata kwanza."

Basi asubuhi yote Baba alishona ngata, na Mzee Luhende akaifumua mara mbili. Kila mwanamke wa hapa anajua ngata. Unaviringisha kanga au majani, unaweka kichwani, unaweka ndoo juu. Ya makuli ni nzito zaidi. Ni gunia lililoviringishwa na kujazwa pamba iliyochambuliwa vizuri, kwa maana mbegu moja tu ikibaki ndani itakuchimba utosi hadi jioni. Tena ina mkia mpana unaoshuka kufunika shingo na mabega, gunia la mbegu lisikuchune. Kila mtu hushona yake. Ukishona vibaya utajua kabla ya chai.

Mzee Luhende alimfundisha na mengine, ambayo Baba ametuimbia nyumbani hadi paka anayajua. Usinyanyue kwa mgongo, nyanyua kwa magoti. Toa pumzi unapoinuka, usiizuie kifuani kama mtu anayekunya. (Nimemuuliza Baba kama niandike neno hilo, akasema ndivyo alivyofundishwa.) Ukipanda ubao wa kuingilia kwenye behewa usiangalie miguu, kwa sababu miguu ikiangaliwa huona haya. Angalia mlango wa behewa. Ubao unacheza, na wewe cheza nao. Na marobota ya pamba hayabebwi na mtu, yanabingirishwa kwa kulabu, watu wanne. Kijana akijitia kulibeba robota peke yake, mwondoeni mstarini siku hiyo hiyo. Huyo hatafuti kazi, anatafuta kuimbwa.

Sasa mila ya ngata, ambayo ndiyo iliyoniajiri.

Kuli akishaivaa ngata yake asubuhi, hakuna mtu anayeigusa. Jioni huivua mwenyewe, lakini siku akichoka kabisa na kutaka kuacha kazi, haivui. Makuli husema akiiweka chini siku hiyo kwa mkono wake, mzigo umemtupa, na mstari unaobaki nyuma yake utateleza kwenye ubao. Lazima avuliwe na mwingine. Na huyo mwingine hawezi kuinyakua tu. Mwenye ngata lazima ainamishe kichwa. Akiinama, ukaivua, basi wewe umekuwa yeye. Kisha, mbele ya mstari, yeye atakufungia mzigo wako wa kwanza kwa mikono yake, na wewe utaubeba akiangalia. Ukiufikisha, yeye amepumzika, wala hakuna wa kumrudisha. Ukiushindwa, ngata inarudi kichwani kwake.

Mimi naiona ni mila nzuri. Ubaya wake ni mmoja tu. Inangoja wanaume wainame.

Mzee Luhende hakuinama. Shingo ilimuuma miaka, mguu mmoja ukaanza kuburuta, na Baba, ambaye ndiye aliyekuwa nyuma yake mstarini, alinyoosha mkono. Mzee akaupiga kofi. "Unaona maiti hapa?" akamuuliza. Msimu uleule akaanguka kutoka kwenye ubao na gunia la mbegu likaja juu yake. Alipona, lakini miguu haikupona naye. Tangu hapo yuko kwa mwanawe kule Ibadakuli, anakaa kwenye kigoda mlangoni, na akitaka kuhama na kivuli lazima amwite mkwewe ambebe. Yeye aliyekuwa anabeba, sasa anabebwa.

Ngata yake haikurithiwa, ilichomwa. Baba akaongoza mstari kwa ngata yake mwenyewe. Aliongoza tangu nikiwa darasa la kwanza. Nilipokuwa mdogo nilimtambua kwa harufu kabla sijamwona, ile harufu ya mafuta ya mbegu na vumbi la pamba, na nywele zake jioni zilikuwa nyeupe kama za babu. Nilipoingia sekondari, nasema ukweli, nilianza kuionea haya harufu ile. Akipita karibu na shule nilijifanya nafunga kiatu.

Halafu vidole vyake vikaanza kulala. Kwanza kikombe. Alikishika, akakiangalia kinaanguka, kama mtu anayeangalia kikombe cha jirani. Kisha vifungo vya shati. Mama akaanza kumfungia, akimtania, "Baba Shija, umekuwa mtoto au umekuwa bwana harusi?" Alicheka, na sisi tukacheka, lakini usiku ule Mama hakumaliza ugali wake.

Alimburuta hadi zahanati. Mimi nilikwenda nao kushika mwavuli. Tabibu, mama mmoja mnene asiye na haraka, akamwambia Baba anyanyue mkono wa kulia. Ukafika begani ukagoma. Akamkandamiza shingo kwa dole gumba, Baba akataja jina la marehemu bibi.

"Unafanya kazi gani?"

"Jineri."

"Ya kukaa au ya kubeba?"

"Anayekaa jineri ni karani na kuku," Baba akasema.

Tabibu hakucheka. Akasema, "Basi mzee wangu, tafuta kazi ya kuku. Shingo yako imechoka, na ndiyo inayolaza vidole. Sasa hivi ukipumzika vinaweza kuamka. Ukibeba msimu mwingine, sikuahidi. Na ukishindwa kufunga kifungo, utafanya kazi gani tena? Badilisha kazi ungali na mikono ya kufanyia hiyo nyingine."

Neno hilo la mwisho nililishika. Kwa sababu kazi nyingine ilikuwepo, ipo mlangoni kwetu. Mji wetu ni mji wa baiskeli. Mtu anahamia nyumba mpya na kitanda kwenye baiskeli, anampeleka mgonjwa kwa baiskeli, anaoa kwa baiskeli. Na Baba alikuwa fundi. Jumapili zote watu walimletea magurudumu yaliyopinda, naye anayanyoosha akipiga mluzi, na kwa kuwa vipuri havikuwepo madukani alikata viraka kwenye tairi za lori. Lakini fundi baiskeli anahitaji vidole kuliko kuli. Spoku hainyooshwi kwa shingo.

Mama alisema hayo yote, na kwa sauti kubwa kuliko nilivyoandika. Baba akajibu, "Sasa nijivue mwenyewe? Vijana wateleze?"

"Maduhu si yupo nyuma yako? Mara ngapi amenyoosha mkono?"

"Nikimwinamia Maduhu, kesho nitaitwa nani?"

"Utaitwa Baba Shija," Mama akasema, "kama ulivyoitwa leo. Ulifikiri unaitwa Gunia?"

Maduhu alikuwa amenyoosha mkono mara mbili. Mara zote Baba aligeuza kichwa kama ng'ombe anayekataa kamba. Nyinyi mnamjua Maduhu, ni mpole, ana mwanya, wala sitasema zaidi. Hakuthubutu mara ya tatu.

Ijumaa moja Mama alikwenda msibani na mimi nilibaki nachambua mchele. Jua lilikuwa linashuka. Nikaona kivuli mlangoni, kimesimama, hakibishi hodi. Kutazama, ni Baba. Bado ana ngata kichwani. Hajawahi kuja nayo nyumbani. Nyuma yake Maduhu anakokota baiskeli ya Baba.

"Shikamoo Baba."

"Marahaba."

Hakuingia. Nikasubiri. Mimi ni mtu wa kusubiri, lakini hata mimi nikaona imezidi. "Baba, karibu ndani, si kwako?"

"Nani amefupisha mlango huu?" akauliza.

Ndipo nikaelewa. Mkono wa kulia ulikuwa unaning'inia tu, na wa kushoto ameuegemeza ukutani. Kwa ngata ile hapiti mlangoni, na kuivua, kazi ya mikono miwili, hawezi. Na hakutaka kusema hawezi. Nikaweka ungo chini nikaenda. Nikanyoosha mikono, sikufika.

"Baba, inama kidogo."

Akainama. Nikaivua. Ilikuwa ya moto na nzito, imelowa jasho, na chini yake, katikati ya kichwa, nikaona duara lisilo na nywele ambalo sikuwahi kulijua. Nikasema, "Haya, pita." Akapita.

Huko nje baiskeli ikaanguka. Maduhu alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili. Kisha akachuchumaa vumbini akaanza kucheka hadi machozi, na sijui kama yote yalikuwa ya kicheko.

"Mzee Masanja! Umevuliwa!"

"Nyamaza wewe," Baba akasema kutoka ndani. "Huyu mtoto. Tena wa kike. Haihesabiki."

"Uliinama au hukuinama?"

"Mlango ndio umeniinamisha."

"Mlango haukusema kitu. Mimi nimesikia dada amesema inama, na wewe umeinama. Mimi shahidi."

Mimi nilisimama na ile ngata mikononi. Nilikuwa nimesikia mila hii tangu utoto, lakini ilikuwa mambo ya jineri, mambo ya wanaume na ubao. Haikunijia hata kidogo kwamba inaweza kufanya kazi jikoni kwetu, karibu na mchele. Nikamwambia Baba, "Chukua, nakurudishia." Maduhu akaruka kama nimeshika nyoka. "Usiirudishe! Dada, nakuomba kwa Mungu, usimrudishie."

Jumapili baada ya misa uani kwetu kukajaa makuli. Mnyapara Bundala, msimamizi wao, alikuja na kofia yake ya kazi ili tujue hakuja kutembea. Maduhu alichelewa, na alipofika tulimwona anakokota baiskeli taratibu, na juu ya kiti cha nyuma, amefungwa kwa kanga mbili asidondoke, Mzee Luhende mwenyewe.

"Mwangaluka," Mzee akatusalimu kwa Kisukuma, kana kwamba ni kawaida kufungwa kwenye baiskeli. Alipoteremshwa akamwangalia Baba juu hadi chini. "Nasikia umenyang'anywa na mtoto."

"Shikamoo mzee. Sikunyang'anywa. Ni bahati mbaya."

"Marahaba. Mimi nilikuwa na bahati nzuri, sikunyang'anywa. Nitazame."

Mnyapara Bundala akakohoa, akasema jambo hili halina mguu, kwa kuwa jineri hakuna mwanamke anayebeba, na asiyebeba hawezi kumvua anayebeba.

Mama alikuwa anagawa matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, kwenye sahani. Akasimama. "Wanawake hawabebi? Maji unayokunywa hapo, mnyapara, yalikuja kwa miguu yake?"

Watu wakacheka. Bundala akanywa maji yake, maana angefanya nini. Lakini akashikilia kwamba mila ni mila. Aliyevua lazima abebe mzigo wa kwanza, uliofungwa na anayeondoka, mbele ya mstari. Kama binti atabeba, sawa. Kama habebi, Masanja Jumatatu arudi kazini na ngata yake.

Baba akasema, "Habebi. Ana shule." Akanyoosha mkono wa kushoto kwangu. "Lete."

Wote wakanigeukia. Ni jambo ninaloliogopa kuliko radi. Niliangalia ule mkono wa kulia, umelala pajani kwake, kidole kimoja kimekunjika peke yake. Nikaijibu kola yangu.

"Amesema nini?" Mzee Luhende akauliza. "Sema kwa sauti, ng'wanawane, mwanangu. Mimi miguu imekufa, masikio yanaishi ila kwa taabu."

"Nimesema nitabeba."

"Nimesikia," akasema. "Na nyinyi mmesikia. Haya, nifungeni kwenye baiskeli, matobolwa yatanivimbisha."

Usiku ule sikulala vizuri, na si kwa sababu ya ubao. Mila ilikuwa imeweka jambo lote mkononi mwake. Yeye ndiye angefunga mzigo. Akijaza gunia la kawaida, sitalinyanyua hata kutoka ardhini, ngata itarudi kichwani kwake, na hakuna atakayeweza kusema amekosea. Angekuwa amefuata mila vizuri kabisa, na msimu ukiisha angekaa kigoda kimoja na Mzee Luhende.

Basi Jumatatu nikafika na sketi yangu ya buluu ya shule, viatu nimevishika mkononi. Ghala la mbegu linatisha kwa mtu mgeni. Mbegu zimerundikwa kama kilima, na nyuma ya ukuta mashine zinanguruma hadi meno yanasikia. Makuli walikuwa wamejipanga. Behewa liko mlangoni, ubao umelazwa. Hakuna aliyetania, hata wale wanaotania jeneza.

Nikavaa ngata. Ikanifika nyusi.

Baba alipiga magoti kwenye mbegu, akafungua gunia, akaanza kujaza kwa debe, mkono wa kushoto. Akamimina. Akamimina tena. Gunia likasimama lenyewe. Akamimina tena, na Maduhu akaangalia pembeni. Nikajua basi. Sikumlaumu. Nilijiambia nitajaribu tu, nitaanguka, nitakwenda shule.

Kisha Baba akafanya anachofanya kila kuli kabla ya kufunga. Akashika sikio la gunia kwa mkono wa kulia alipime uzito. Vidole vilishika, halafu vikaachia. Akashika tena. Vikaachia. Aliuweka ule mkono mbele ya uso wake akautazama kwa muda, kama alivyokitazama kile kikombe.

"Kabula."

"Abee, Baba."

"Ndoo yako ya maji ina uzito gani?"

Akaanza kurudisha mbegu. Akamwaga nusu, akanipa gunia nilinyanyue. Nikasema, "Zaidi ya hapo kidogo, Baba." Sijui kwa nini nilisema hivyo. Nadhani sikutaka anidharau. Akaongeza kidogo. "Hapo," nikasema. "Hiyo ndiyo ndoo."

Kufunga hakuweza. Fundo la makuli linavutwa kwa mikono miwili. Nikachuchumaa nikaweka kidole changu kwenye kamba, naye akavuta kwa kushoto na meno. Tulikaribiana hivi, nikasikia ile harufu ya mbegu, na haikunikera.

Akasema polepole, mimi tu nisikie, "Usiangalie miguu."

Nilinyanyua kwa magoti. Nikatoa pumzi. Maduhu akanitwisha, ingawa mzigo wa ndoo ningejitwisha mwenyewe, nikautangulia mstari. Na walipoanza kuimba nyuma yangu nilitaka ardhi inimeze, kisha nikaona kwamba wimbo unasaidia, miguu inaenda yenyewe wimbo unakotaka. Ubao ulicheza. Nikacheza nao. Niliuangalia mlango wa behewa, mweusi, una maandishi ya chaki ambayo hadi leo naweza kuyasoma nikifumba macho, na nikaingia, nikatua. Ni hilo tu. Kazi yangu yote iko hapo. Nikiulizwa ninaikumbuka vipi, nasema sikumbuki kitu kingine chochote kwa ukamilifu kama huo.

Nikarudi chini, nikasimama mbele ya Maduhu, nikainama. Akanivua ngata kwa mikono miwili, akaivaa. Yeye ilimkaa.

Kuna desturi ndogo inayofuata, ambayo vijana mnaipenda. Anayestaafu hukalishwa kwenye mizani ya pamba, waone kazi imembakiza kiasi gani. Baba akakaa. Karani akasogeza jiwe la mizani, akaangalia, akafunika kwa kiganja ili mtu asione, kisha akapiga kelele kuzidi mashine: "Bado mzima!" Wakapiga vigelegele wanaume wazima. Kisha wakanikalisha mimi. "Bado mzima!" Nilipoteremka Baba alikuwa anacheka, na pumzi aliyokuwa anaitoa ilikuwa ndefu, ile ya kutua, siyo ya kunyanyua.

"Wabeja, Kabula," akaniambia. Ahsante, kwa Kisukuma chetu. Kwa Kiswahili hajawahi kuniambia.

Shuleni nilifika nimechelewa, nina mbegu kwenye nywele. Mwalimu akauliza nilikuwa wapi.

"Kazini, mwalimu."

"Kazi gani hiyo?"

"Nimeshastaafu," nikasema, na kwa mara ya kwanza darasa lilicheka bila mimi kutafuta kola.

Basi hilo ndilo nililonalo kwenu vijana wa mstari wangu wa zamani. Shoneni ngata vizuri, nyanyueni kwa magoti. Na msingoje mlango ufupi. Mimi siwezi kuja kwenu nyumba kwa nyumba kuwavua.

Kesho yake, Jumanne, niliamka kuchota maji kama kawaida. Baba alikuwa ameamka kabla yangu, kwa kuwa mwili wake haukuwa umepata habari. Alikuwa amekaa nje kwenye kigoda, baiskeli ya jirani imepinduliwa mbele yake, anajaribu kushika spoku kwa vidole vya kulia. Ikamponyoka. Akaiokota. Ikashika, si sana. Niliweka ndoo chini, nikaenda ndani nikaleta samli kidogo kwenye kijiko, nikasimama nyuma yake ili nimpake lile duara la utosini ambalo jua halikuwahi kuliona. Sikumwambia ainame. Aliiweka spoku gotini, akainama mwenyewe.